Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wa matope

Wanachama wenzangu, wazee wetu, akina mama wa kamati ya chai na nyinyi vijana wa timu ya pili mnaosoma hii kwa simu mkiwa kwa matatu, hamjambo. Hesabu ataleta mweka hazina na matokeo ya mechi atasoma katibu, mimi leo nataka kuongea maji tu kwa kiwanja chetu cha kriketi, juu hii mwaka maji yametusumbua kuliko timu yoyote tuliyocheza nayo.

Nianze na kosa langu kabla mtu hajasimama kuniuliza. Ile Jumapili ya Novemba wageni walikua washafika, basi lao liko hapo geti, na mvua ilikua imenyesha usiku mzima na kava, lile turubai la kufunika pichi, haikufungwa vizuri upande mmoja. Mzee wetu wa kiwanja akatoa ile spoki ya baiskeli yake, akaidunga kwa pichi, ule ukanda wa katikati mpira unapodundia, ikazama kama kijiko kwa uji. Akaniambia, "Mwenyekiti, hapa hata kuku asipite." Mimi nikaona aibu ya wageni nikaamuru rola, ile silinda nzito ya chuma ya kukandamiza udongo, iingie. Ilienda mita kama nne hivi, kuangalia nyuma ngozi ya pichi imeng'ang'ania kwa chuma, nyasi na kila kitu, imekunjwa kama chapati. Mzee hakusema neno, alienda tu akakaa juu ya ndoo.

Sasa nimeelewa, na wacha niseme ili mwenyekiti atakayekuja asirudie. Rola haikaushi pichi. Udongo ukiwa umelowa rola inabana pale juu na maji yanafungiwa chini, saa nne ukiangalia unaona kumekauka unafurahi, halafu mpira wa kwanza unaruka kifuani na wa pili unateleza kwa vifundo. Rola inataka udongo wenye unyevu kidogo tu, ule ukiufinya unashikana lakini haukuachii matope kwa vidole. Siku hiyo ampaya, wale waamuzi, walisimamisha mchezo mapema, na hawakukosea, wageni wakala pilau yetu wakaenda.

Kuna wale waliniambia ati ampaya wetu ni waoga. Hapana. Sheria ya kriketi inasema wazi kwamba nyasi kuwa na maji au mpira kulowa peke yake si sababu ya kukataa kucheza. Wanachoangalia ni kama bola, yule anayerusha mpira, anaweza kukanyaga akasimama, kama wa fildi, wale wanaoufukuzia mpira, wanaweza kukimbia, kama mpigaji anaweza kupiga na kukimbia bila kuteleza. Na hao ampaya wawili ndio wanaamua, si mimi, si kapteni, si yule mzee wa meza ya karata.

Na hapo ndo shida yetu ilipo. Aprili tulihesabu kwamba tuko sawa kwa sababu kava tunayo, na kweli pichi yenyewe, zile yadi 22, mara mbili tuliifunua ikawa kavu kabisa. Lakini maji yote ya juu ya kava yalikua yameteremka yakajaa pale bola anapoanzia kukimbia, pakawa ziwa. Una pichi kavu na huna pa kukimbilia, utacheza na nani? Mwingine alisema tununue kava kubwa zaidi. Ndugu yangu, kava kubwa inakusanya maji mengi zaidi, na bado hatujaamua yaende wapi.

Udongo wetu mnaujua, ule mweusi, mvua ikinyesha unatembea na kilo mbili kila kiatu na kiangazi unapasuka mpaka unaweza kupoteza funguo. Kwa pichi huo udongo ni baraka, udongo wa mfinyanzi ukikandamizwa na kukauka unakua mgumu na mpira unaruka vizuri, ndio maana pichi nyingi duniani zinatengenezwa kwa mfinyanzi. Kwa fildi, kiwanja chote nje ya pichi, ni balaa, haumezi maji, yanakaa tu juu yanatuangalia. Wenzetu wa upande wa udongo mwekundu mvua ikiisha wanacheza kesho yake, sisi tunangoja.

Kitu kingine, kava isikae tu. Aprili tuliiacha siku nne bila kuinua, tulipofunua kukanuka kama gunia la viazi vilivyooza na nyasi imekua ya manjano. Jua likitoka hata nusu saa, funua, pichi ipumue, mawingu yakirudi funika. Na mkifunua msivute kutoka upande wowote mnaoona, mvute ile kona ya chini maji yakielekea nje, juu kuna kijana hapa (hajambo, anajijua) alivuta kutoka juu akatumwagia dimbwi lote pale pale mpira unapodundia. Tulifyonza na sponji mpaka saa saba.

Julai ni hadithi ingine, mvua hakuna lakini jua pia hakuna, baridi na umande mpaka saa tano. Hapo dawa ni ile kamba ndefu, watu wawili wanaivuta fildi nzima asubuhi, umande unaanguka. Ni kazi ya dakika chache, na kila wiki naipata kamba imelala stoo.

Wazee bado wanatusimulia ile siku Kenya iliwapiga Sri Lanka pale Gymkhana, Nairobi, kwa Kombe la Dunia, 24 Februari 2003. Sawa, lakini angalieni mwezi. Februari, kiangazi. Kwa hivyo kamati inaomba mechi za wageni ziwe Januari na Februari, halafu Agosti na Septemba, tuachane na hii ushujaa ya Aprili na Novemba.

Pesa ya kupaka rangi klabuhausi naomba iende kwa mitaro, mmoja kila upande wa pichi mpaka kwa mfereji wa barabara, na kava mbili ndogo za pale bola anakimbilia. Rangi ingoje. Najua kuna watakaopinga, tutapiga kura.

Kazi inaanza Jumamosi ya kwanza baada ya mkutano, saa moja asubuhi. Msimamizi ni Mzee wa kiwanja, ufunguo wa rola anao yeye na hata mimi nikiuomba asinipe. Jembe ziko, chai iko, gambuti kila mtu aje na zake, za klabu ni pea mbili na moja imetoboka.