Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Tulivyohamia Kwenye Mfumo

Ndugu Afisa Ushirika wa Wilaya, ndugu wajumbe wa Bodi na wa Kamati ya Usimamizi, ndugu wanachama.

Makabrasha mmeshayapata, na hesabu zilizokaguliwa zimo ndani. Mhasibu atazisoma baada yangu. Mambo ya kawaida ya mwaka 2024 nayapitia haraka. Leseni yetu iko hai. Vikao vya Bodi vilifanyika vyote. Kiwanja bado ni kiwanja, na safari hii siahidi kitu. Muda wangu nautumia kwenye jambo ambalo mmenisimamisha nalo sokoni, msibani, na mmoja wenu hata kwenye foleni ya maabara nikiwa na kikopo cha mkojo mkononi: mfumo mpya wa kompyuta wa kutunza hesabu zetu.

Tulihama kwa sababu hatukuwa na njia nyingine. Tangu ije Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo kama chetu, haiendeshwi kama mchezo wa upatu. Inatakiwa leseni, zinatakiwa taarifa kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na siku hizi taarifa zinapitia MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika. Sisi tulikuwa na leja tatu, majedwali ya Excel kwenye kompyuta moja ya mezani, na flashi aliyotembea nayo meneja. Robo mwaka ikiisha, dirisha linafungwa siku mbili watu watafute namba zinazolingana. Flashi yenyewe, niwaambie leo kwa kuwa imeshapita, iliwahi kufuliwa pamoja na suruali.

Mkutano uliopita niliwaahidi tungewasha mfumo Januari mosi. Kosa hilo ni langu. Mhasibu alishauri tuende na vyote viwili walau miezi mitatu: kila muamala uingie kwenye mfumo na kwenye leja, jioni vilinganishwe. Mimi nikaona ni kazi mara mbili, tukawasha. Jumapili ya pili ya Januari meseji zikaanza kuingia kwenye simu zenu kwamba kila mmoja anadaiwa mara mbili ya anachodaiwa. Salio anzia, yaani deni la kila mmoja siku mfumo unawashwa, lilikuwa limepakiwa mara mbili. Kufika adhuhuri simu yangu ilikuwa imezima chaji. Wapo waliokuja nyumbani, na mmoja alifuatana na shemeji yake mwanasheria. Kusafisha kulichukua siku nne, na kampuni iliyotuuzia mfumo ilipokea simu siku ya tatu. Kuanzia hapo tukaufuata ushauri wa mhasibu, leja zikaendelea kuandikwa hadi Juni.

Wiki nyingi zilikwenda kwenye majina. Mohamedi wa kwenye leja ni Muhammad wa kwenye kitambulisho na ni Mohammed M. wa kwenye orodha ya makato ya mshahara. Tulijaribu kushika cheki namba peke yake, ile namba ya mtumishi wa umma kwenye malipo ya mshahara, lakini mstaafu hakatwi tena, na aliyehamia shirika binafsi hana cheki namba. Tukaishia kwenye namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, tarakimu zote 20. Kabla ya hapo, tarakimu mbili za cheki namba zilizopishana ziliwahi kupeleka makato ya mwalimu kwenye akaunti ya muuguzi kwa miezi miwili. Aliyekuja ofisini kusema alikuwa muuguzi mwenyewe, na namshukuru mbele yenu bila kumtaja. Wapo pia wenzetu waliotangulia mbele ya haki ambao hisa zao hazijawahi kudaiwa; tunawatafuta warithi waliotajwa kwenye fomu.

Sasa jambo zito, naomba mnisikilize bila minong'ono.

Masharti yetu yanasema riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi, kwa salio linalopungua. Tulipohamisha mikopo, kundi moja likagoma kulingana: Excel ilidai zaidi ya mfumo, mwezi baada ya mwezi. Tuliulaumu mfumo wiki nzima. Mhasibu, ambaye ndiye aliyeupinga kuliko wote, akachukua kikokotoo na penseli akapiga mkopo mmoja kwa mkono: shilingi 2,000,000 kwa miezi 24. Mwezi wa kwanza riba ni 30,000. Deni linashuka kwa 83,333 kila mwezi, na riba inashuka nalo hadi 1,250 mwezi wa mwisho. Jumla yake ni 375,000. Excel yetu ilikuwa imetoza 30,000 kila mwezi, mwanzo hadi mwisho, yaani 720,000. Aliyeiburuta ile fomula kwenda chini hakuona kwamba imeng'ang'ania kisanduku cha kiasi kilichokopwa mwanzoni, badala ya deni lililobaki. Tofauti ni shilingi 345,000, na imetoka mfukoni mwa mwanachama ambaye hakuwahi kuchelewesha rejesho hata moja.

Hakuna aliyeiba. Fedha iliingia kwenye chama, ikawa ziada, na ziada tukagawana kama gawio, nami nikiwemo. Mtaniuliza wakaguzi walikuwa wapi. Wakaguzi huchukua sampuli, na sampuli inaweza kupita pembeni ya mkopo wenye kasoro. Swali linaloniuma mimi ni kwamba Kamati ya Mikopo ilikuwa wapi, na Bodi ilikuwa wapi, maana majedwali hayo yalipita mezani kwetu na saini zetu zipo.

Bodi inapendekeza kila aliyetozwa zaidi arudishiwe kwenye akiba yake. Orodha imo kwenye kiambatisho, kwa namba za uanachama. Ndiyo sababu gawio la mwaka huu ni dogo namna hiyo. Nimewasikia wanaosema yaliyopita si ndwele. Hii ndwele bado inauma kwa waliotozwa, na dawa yake tunayo benki.

Kuhusu nywila nitasema machache. Meneja alipokwenda likizo aliacha yake kwenye karatasi chini ya kibodi, na kwa wiki mbili mkono mmoja uliingiza mikopo na mkono huohuo ukaidhinisha. Tumeipitia mikopo hiyo yote, ni halali. Sasa mwingizaji hawezi kuidhinisha, na meneja akiwa likizo anayekaimu anapewa nywila yake mwenyewe. Foleni imekuwa ndefu kidogo. Itabaki hivyo.

Kuna na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mshahara wa mtu, deni lake na wadhamini wake si habari za kijiweni. Nawaambia hasa wajumbe wenzangu wa Bodi tuliozoea kumwambia karani "hebu niangalizie fulani anadaiwa ngapi." Mwezi Septemba nilimwambia hivyo mimi. Akanijibu, kwa adabu zote, kwamba niandike barua kueleza sababu. Sikuwa na sababu ya kuandika, nikaondoka.

Ombi la kurejesha riba liko kwenye ajenda, na nitaomba kura za kuandikwa, maana mikono ikinyooshwa watu huangaliana usoni. Ambaye hakukopa ana haki ya kulikataa kwa kura yake. Ninachomwomba ni asome kwanza kiambatisho.

Kwenye meza ya mlangoni kuna taarifa ya kila mmoja wetu: hisa, akiba, mkopo, na wale uliowadhamini. Hicho cha mwisho kiangalieni sana, wengi mmeshasahau mlimsainia nani. Linganisheni na pasibuku. Kisichokaa sawa kiandikwe kwenye fomu iliyoambatanishwa. Marekebisho yanapokelewa hadi mwisho wa Juni. Aliyepoteza pasibuku alete hati za mshahara, makato yanaonekana humo. Wastaafu wahudumiwe kwanza, mstari wao uko upande wa dirisha.

Naomba kuwasilisha.