Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Redio za Ridhaa

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Tarehe 18 Aprili, Siku ya Redio za Ridhaa Duniani, tulikuwa hewani. Oktoba tuliwasaidia maskauti kwenye JOTA, mkutano wao wa dunia kwa njia ya redio. Darasa la Jumamosi liliendelea mwaka mzima.

Nije kwenye lile lililoleta maneno. Kamati ilichukua shilingi 780,000 kutoka fungu la mlingoti wa antena na kufufua laptopu nane za darasa kwa Linux, mfumo endeshi wa bure. Wapo waliosema pembeni kwamba fedha zimetupwa kwenye mashine chakavu. Wangeyasema mkutanini wangejibiwa siku ileile, lakini hawakuhudhuria.

Windows 10 iliishiwa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo laptopu zetu hazina. Kununua mpya nane hatuwezi. Fedha zile zilinunua diski za SSD za GB 120, RAM za kufikisha kila mashine GB 4, betri ndogo za CR2032 za kutunza saa, na adapta nne za sauti za USB. Tumeweka Debian, aina mojawapo ya Linux, ya biti 64 yenye dawati jepesi la LXQt, pamoja na WSJT-X na Fldigi za mawasiliano ya kidijiti, na CHIRP ya kupangia redio. Laptopu mbili za biti 32 niliagiza ziachwe, kwa sababu Debian 13 haina tena kisakinishi cha mashine hizo. Hilo nalo lililalamikiwa, na msimamo wangu ni uleule.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye mambo madogo. Betri za ubaoni zilikuwa zimekufa, hivyo kila mashine ilipozimwa saa ilipotea. FT8, mtindo wa kidijiti wa kutuma ujumbe mfupi redioni, inakwenda kwa vipande vya sekunde 15. Saa ikipishana kwa zaidi ya sekunde moja hivi, mistari ya ishara inaonekana vizuri kwenye skrini lakini halitoki hata neno moja, na mwanafunzi anailaumu antena. Sasa programu ya chrony inasawazisha saa kwa intaneti. Intaneti ikikatika, tunarekebisha kwa mkono tukifuata simu.

La pili ni kebo ya kupangia redio za mkononi. CHIRP ilikuwa inakataa kufungua /dev/ttyUSB0, yaani bandari ya kebo hiyo, kwa sababu mtumiaji hakuwa kwenye kundi la dialout, lenye ruhusa ya kuitumia. Dawa ni amri sudo usermod -aG dialout mwanafunzi (mwanafunzi ni jina la mtumiaji), kisha kutoka na kuingia upya. Wengi wanaisahau hatua hiyo ya mwisho, halafu wanasema amri haifanyi kazi. Pale ambapo bandari yenyewe inatokea na kutoweka, mara nyingi ni brltty, programu ya maandishi ya nukta nundu, inayoichukua kebo yenye chipu ya CH340. Mahali pasipo mtu anayeihitaji, iondolewe.

Sauti nayo ipimwe kabla ya somo: pasipo ishara yoyote, kipimo cha WSJT-X kisome kama dB 30. Kikipanda sana, sauti inakwaruza na usomaji unaharibika. Kebo ya kurushia haichomekwi darasani. Asiye na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, anasikiliza tu. Hata bila redio, WSJT-X inafungua faili za wav zilizorekodiwa, kwa hiyo mvua au umeme mdogo havizuii somo. Mlingoti usingetupa hayo, na kazi hii niliisimamia mwenyewe hadi mashine ya mwisho.

Linaloniumiza ni mahudhurio na ada. Wanachama 41, waliolipa 17. Mikutano miwili iliahirishwa kwa kukosa akidi. Waliokuwa wakali zaidi kuhusu fungu la mlingoti, baadhi yao hawajachangia fungu hilo hata shilingi.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuongeza mashine, kuanza masomo ya kupokea setilaiti na kurudisha fedha za mlingoti kadiri ada zitakavyoingia. Mweka hazina yupo mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Mwenyekiti