Ruhusa za taarifa zilindwe ndani ya msimbo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie usalama wa taarifa za wateja. Katika Salesforce, jukwaa ambalo kampuni nyingi hutunzia kumbukumbu za wateja, msimamizi hupanga nani aone nini; lakini msimbo wa Apex, lugha ya programu ya Salesforce yenyewe, unaweza kuendeshwa kwa mamlaka ya mfumo badala ya yale ya mtumiaji aliyeingia, na hapo mipango yote ya msimamizi ikapitwa.

Nikiwa nakagua programu ya taasisi moja ya mikopo, nilimshuhudia karani wa tawi akifungua orodha yenye namba za vitambulisho na mishahara ya wakopaji wa matawi mengine. Klasi husika, yaani kipande cha msimbo kilicholeta orodha hiyo, ilikuwa imeandikwa «without sharing», maneno yanayoiambia isijali mtumiaji ameruhusiwa kuona rekodi zipi. Tulipoibadilisha kuwa «with sharing», wakopaji wa mbali wakatoweka, ila safu ya mshahara ikabaki, kwa kuwa maneno hayo hulinda rekodi tu, si safu zilizomo ndani yake. Tulipoongeza kwenye ulizo, yaani ombi la kuleta taarifa, maneno «WITH USER_MODE» yanayofuata ruhusa za mtumiaji hata kwa safu, programu ilikataa kabisa kumletea karani orodha hiyo hadi safu ya mshahara ilipoondolewa kwenye ulizo, na hivyo ndivyo inavyostahili.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Nawasihi wanaopokea mifumo wasikubali majaribio yanayofanywa kwa akaunti ya msimamizi pekee, anayeona kila kitu. Wamkalishe karani wa kawaida mbele ya kompyuta kabla ya kutia saini.

Mhandisi wa programu,
Dar es Salaam