Draya ya zamani na ile ya kuchinja

Columbus, Ohio

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu kwako, shemeji na watoto. Picha za draya yako ya zamani, ile mashine ya kukaushia nguo, nimezipata. Kutu ya ubavuni na miguuni ni ya juu juu, haina haraka. Ya ndani ya dramu ndiyo ya kuanza nayo, maana itatia madoa kila nguo utakayoikausha.

Kabla hujafungua skrubu hata moja, soma vibao vya namba. Draya ya chapa ya Kenmore ambayo namba yake inaanza na 110, kama yako, imetengenezwa na kampuni ya Whirlpool, kwa hiyo ile Whirlpool uliyopewa inafaa kuchinjwa, yaani kutolewa vipuri vya kutengeneza yako, mradi zote mbili ziwe na upana wa inchi 29 na chujio la vumbi la nguo linalochomolewa kwa juu. Pima hata hivyo kipenyo na kina cha dramu zote mbili.

Kwenye ile ya kuchinja chukua vinavyozunguka na vinavyobeba: dramu, mota na kapi yake, feni, mlango, miguu. Themostati na fyuzi za joto, vile vinavyokata umeme joto likizidi, usichukue kabisa, hata zikionekana safi. Multimita, kile kipimo cha umeme, itakuambia kama umeme unapita tu; haiwezi kukuambia fyuzi itakata kwenye joto gani, na hilo ndilo linalozuia nyumba kuungua. Kwenye boksi la hita kuna mbili, themostati ya nyuzijoto 250 za Farenhaiti na fyuzi ya 352. Zinauzwa pamoja kwa sababu ile ya 352 ikikata, ina maana ya 250 ilishindwa kazi, au hewa ilizibwa. Badilisha zote mbili, kisha tafuta kilichoziba.

Hita unaweza kuihamisha ukishaipima. Chomoa waya zake, pima kati ya ncha mbili: ya wati 5,400 kwa volti 240 isome kama omu 10 au 11. Halafu pima kila ncha na boksi lake. Hapo pasiwe na mawasiliano yoyote. Koili iliyolegea ikagusa bati inaweza kuendelea kuwaka hata themostati ikishakata, na hiyo ni ya kutupa. Mota nayo ina swichi ndani yake inayoruhusu hita kuwaka pale tu mota inapozunguka. Meno ya swichi hiyo yakiungua, dramu huzunguka bila joto, na watu wengi hununua hita mpya bure.

Turudi kwenye dramu. Kama kutu ni madoa, sugua kwa msasa namba 120, malizia na 220, pangusa kwa spiriti, paka dawa ya kugeuza kutu kwenye vishimo vilivyobaki na uiache ikauke. Kisha rangi ya epoksi ya vyombo vya nyumbani, matabaka mawili au matatu membamba. Tabaka nene hubabuka. Iache wiki nzima ikomae kabla ya kuipa joto. Rangi isiguse ukingo wa felti, na boksi la hita usilipake kabisa. Halafu pitisha soksi kuukuu ya nailoni ndani yote: inaponasa pana ncha, na hapo ndipo nguo itachanika. Kama bati limetoboka au maungio yameliwa, usijisumbue, weka dramu la ile nyingine.

Rola mbili za nyuma zinazobeba dramu, na mkanda unaoizungusha, nunua vipya, si ghali. Ekseli za rola zisafishe, tia tone la mafuta mepesi. Grisi hukusanya vumbi la nguo mpaka rola ikagoma. Mkanda ni wa inchi 92 na robo hivi, mifereji yake ilalie dramu, kisha upite kwenye kapi ya kukazia na kuzunguka ya mota. Zungusha dramu kwa mkono mara kadhaa kabla ya kufunga mbele. Mkanda ukitembea kando, umeupinda.

Umeme: chomoa plagi kabla ya yote haya. Kama soketi yenu ni ya matundu manne, weka waya wa meno manne na uondoe kile kibati kinachounganisha nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, na bodi la mashine. Kikibaki, bodi la mashine litabeba mkondo wa nyutro. Mashine ikiwa ya kabla ya 1980, nyaya zenye kitambaa cha kijivu usizikwangue, huenda ni asbesto, ambayo vumbi lake lina sumu.

Bomba la kutolea hewa liwe la bati, inchi 4. Usitumie la plastiki. Jaribu kwanza bila joto kwa dakika kumi, ukisikiliza, ndipo uweke taulo mbichi na joto. Usiondoke hapo mzunguko wa kwanza.

Kabla ya kufunga kava la nyuma nitumie picha ya nyaya za hita, tuzitazame pamoja.

Wako daima.