Barua ya malalamiko: Akiba yangu kubadilishwa kuwa euro kwa viwango nisivyoelezwa

Makole,
Dodoma.

Meneja wa Tawi,
Dodoma.

Ndugu Meneja,

YAH: KUBADILISHIWA AKIBA KINYUME NA MAKUBALIANO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Ujerumani. Ili nipewe viza natakiwa kuweka euro 11,904 kwenye akaunti ya zuio, ambayo fedha zake hufungwa na kutolewa kidogo kidogo kila mwezi, yaani euro 992 za kujikimu kila mwezi kwa mwaka mzima. Zikipungua, uthibitisho kwamba fedha zimewekwa hautolewi. Mhudumu wenu wa fedha za kigeni nilimweleza hayo yote kabla hatujaanza.

Alinionyesha bei ya euro iliyokuwa ubaoni, tukapiga hesabu pamoja, nikasaini. Nilipochukua taarifa ya akaunti nikakuta mmekata shilingi nyingi kuliko tulizokubaliana. Sababu ni kwamba mlizigeuza kwanza kuwa dola, kisha dola mkazigeuza kuwa euro. Kila mnapogeuza mnachukua faida yenu kati ya bei ya kununua na ya kuuza, kwa hiyo mmenikata mara mbili kwa muamala mmoja. Kama siku ile hamkuwa na euro, mngeniambia. Ningesubiri, au ningekwenda kwingine.

Kuna na hili. Kwenye fomu nilichagua gharama zote za kutuma nizilipe mimi hapa hapa, na mkanitoza. Hata hivyo benki ya katikati, ile iliyopitisha fedha kutoka kwenu kwenda Ujerumani, ikakata ada yake njiani, fedha zikafika pungufu. Uthibitisho umekwama, na miadi yangu ubalozini Dar es Salaam imekaribia. Nikipiga simu najibiwa kwamba mfumo ndivyo ulivyo. Mfumo huo ni wenu. Fedha hizo ni za zabibu za Mpunguzi, alizolima na kuziuza mama yangu msimu kwa msimu.

Naomba mtume kiasi kilichopungua kwa gharama zenu kabla ya miadi, mnirudishie tofauti ya kugeuza mara mbili, na mnipe nakala ya ujumbe wa SWIFT (mtandao ambao benki hutumiana maagizo ya malipo) unaoonyesha nani alikata nini. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinawataka mumweleze mteja gharama kabla hajasaini. Nisipopata jibu la maandishi wiki hii, nitapeleka shauri hili Benki Kuu, ambayo makao makuu yake yako hapa hapa Dodoma.

Nimeambatisha nakala ya fomu na taarifa ya akaunti.

Wako,
Mteja wa akaunti ya akiba