Mhariri, hii ya nguvu za kiume mmeiandika nusu

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Makala yenu ya nguvu za kiume nimeisoma yote, mmegusa stresi, pombe, supu ya pweza, alkasusi, mpaka vumbi la Kongo limo, ila kitambi hamjakitaja na sukari ndo kabisa. Mimi naandika kama mhusika, sijasimuliwa na mtu.

Nina miaka 47, dereva wa lori, kazi yangu ni kukaa. Natoka Dar mpaka Tunduma nimekalia kiti, nikishuka chipsi mayai na soda ya baridi, napanda tena nakaa. Fundi cherehani wangu aliziachia suruali zangu mara mbili, ya pili akacheka akasema kaka, humu ndani kitambaa kimeisha. Na nyumbani huko jogoo akawa hapandi mtungi. Nikawa nasingizia uchovu wa safari, au nakodoa mpira wa saa nne usiku ambao hata timu zenyewe sizijui, ilimradi mama watoto atangulie kusinzia. Kijiweni ushauri ni ule ule, mihogo mibichi, karanga na nazi, nikatafuna mihogo mpaka tumbo likajaa gesi. Kuna duka la dawa likaniuzia vidonge, presha hawakunipima, wala kuniuliza kama natumia dawa ya moyo hawakuuliza, na vile vidonge ukichanganya na zile dawa za kutanua mishipa wanazopewa wenye maumivu ya kifua, presha inaporomoka na mtu anaweza kufa kabisa.

Kilichonishtua ni vipimo vya afya kazini. Nesi kanitoboa kidole asubuhi sijala kitu, mashine ikaandika 6.4. Nikamuuliza ndo kisukari hicho? Akasema hapana kaka, kisukari kinaanzia 7, ila wewe upo mlangoni unabisha hodi. Uzito kilo 104, ukipigia hesabu na urefu wangu, ile wanayoita BMI, natoka 35, na wenyewe wakiona 30 tu tayari unene umepitiliza. Halafu daktari, mzee mpole tu, akaniuliza, na chumbani je? Niliangalia dirishani bwana.

Alivyonieleza ndo nataka wasomaji wakasikie. Jogoo kusimama ni kazi ya damu. Mishipa ya huko chini ni myembamba, milimita 1 mpaka 2 hivi, ya moyo inafika 3 au 4, kwahiyo sukari na mafuta vikianza kuharibu mishipa, chini kunagoma mapema wakati moyo bado haujalalamika. Ukuta wa mshipa ukiwa mzima unatoa gesi inaitwa naitriki oksaidi, hiyo ndo inalegeza mshipa damu ijae, na vidonge vya bluu navyo vinaitegemea hiyo hiyo, mwili usipoitoa ya kutosha kidonge kinakosa cha kufanyia kazi. Kitambi nacho hakijakaa tu, mafuta yake yanabadilisha homoni ya kiume kuwa ya kike (hapo nililishika tumbo langu). Sasa ukitembea kwa kasi, mchakamchaka, baiskeli, kuogelea, chochote cha kuufanya moyo udunde, damu inavyopita mbio ndo inauamsha ule ukuta utoe gesi, na misuli inaivuta sukari hata kama insulini yako, ile homoni ya kuingiza sukari mwilini kutoka kwenye damu, imeanza kudorora.

Na hii sio stori ya kijiweni. Italia, mwaka 2004, walitoa majibu ya wanaume 110 wanene wenye tatizo hilo, kisukari hawakuwa nacho, nusu yao wakasimamiwa vizuri chakula na mazoezi kwa miaka miwili, karibu theluthi ya hao mambo yakarudi sawa, wale wengine waliopewa ushauri wa juu juu walirudi watatu tu. Theluthi sio wote, nakubali, ila hakuna kidonge pale. Na Marekani mwaka 2002, kwa watu wa mlangoni kama mimi, dakika 150 za mazoezi kwa wiki pamoja na kupunguza asilimia 7 ya uzito kulipunguza kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58, vidonge vya metformin, dawa ya kushusha sukari, vikapunguza 31.

Mimi nilianza na kutembea, Tabata Relini kuelekea Buguruni na kurudi, kasi ya kuweza kuongea ila kuimba huwezi. Wiki ya kwanza magoti yalilia na madogo wa bodaboda walinicheka, mzee umefulia, panda nikupeleke. Nikiwa safarini nazunguka lori dakika 20 kila tunapopaki, utingo alidhani nimechanganyikiwa. Soda nimeacha, chipsi sijaziacha zote nisiwadanganye. Mwezi wa nne hivi jogoo akaanza kuwika alfajiri mwenyewe, bila mihogo. Mwezi wa saba kilo 95, sukari 5.5. Mama watoto hajasema kitu, ila raba zangu anazifua yeye siku hizi.

Ombi langu mhariri, mkirudia hiyo mada mtafuteni daktari wa sukari naye aongee, na mwambieni msomaji akapime asubuhi kabla ya chai. Na wa Tabata anayeona aibu kuanza peke yake, Jumapili tunaondoka relini saa kumi na mbili kasoro robo, tupo vitambi vitano.

Ni mimi msomaji wenu,
Dereva wa lori, Tabata, Dar es Salaam