Sikufukuzwa, Mamangu

Leicester, Uingereza, Jumapili baada ya isha

Mamangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Nabusu mikono yako. Mimi na watoto tu wazima, alhamdulillahi, na mama yao anakusalimu sana. Barua hii nataka Fatma akusomee mwenyewe polepole, mlango umefungwa, wala asimpe ndugu yangu Omari kwanza.

Yanayosemwa barazani Mkunguni, huko kwetu Lamu, yamenifikia. Yamepita Mombasa yakaja mpaka huku: kwamba nimefukuzwa kazi, na kwamba mtu hafukuzwi bure bila kitu alichofanya. Mama, hilo neno "bila kitu" limeninyima usingizi kuliko kazi yenyewe. Na limetoka nyumbani kwetu, kwa sababu niliyemwambia ni Omari peke yake, siku nilipomweleza kwa nini sina pesa za injini ya boti.

Sikufukuzwa. Kazi ndiyo iliyoondolewa. Ghala letu lilihamishiwa mji mwingine, pale tulipokuwa hapakubaki mzigo wa kupanga wala gari la kupakia. Tulikuwa watu 63. Sheria ya huku inasema watu wakifika 20 na kuendelea, mwajiri hawezi kuwaaga kwa barua ya asubuhi moja. Lazima mashauriano na wawakilishi wa wafanyakazi yaanze siku 30 kabla ya mtu wa kwanza kutoka. Na wenzangu, Wapolandi na Wahindi na Waingereza wenyewe, walinichagua mimi niwe mmoja wa wawakilishi. Mwanao, Mama, uliyekuwa ukimshonea kanzu ya Maulidi kwa kitambaa kilichobaki, aliketi meza moja na wakubwa wa kampuni. Walituletea notisi ya wiki 4 kwa kila mtu. Nikawaambia sheria inatoa wiki moja kwa kila mwaka mtu aliotumikia, mpaka wiki 12, na mimi nina miaka 11. Walitoka nje, wakarudi na hesabu mpya. Wazee walioanza kazi kabla yangu walinishika mkono mmoja mmoja. Hilo Omari hakulisema barazani.

Na kiinua mgongo nimelipwa. Wiki moja ya mshahara kwa kila mwaka, na wiki moja na nusu kwa kila mwaka niliofanya baada ya kutimiza miaka 41. Jumla wiki 12 na nusu, wala hazikukatwa kodi. Aliyefukuzwa kwa wizi hapewi hata senti ya hizo. Hizi ndizo pesa Omari anazosema nimezificha. Sikuzificha. Zimelipa kodi ya nyumba na zimenisomesha, nitakueleza.

Lakini kwanza nikukumbushe 2014. Baada ya mauaji ya Mpeketoni ikaja kafyu, wageni wakakimbia, na hoteli ile ya Shela ikamrudisha Omari nyumbani baada ya miaka 6 bila shilingi. Je, kuna aliyesema amefukuzwa? Tulisema hoteli imefunga, dunia imeharibika. Mimi nilituma karo ya mwanawe Twalibu mwaka mzima, na sikumtajia mtu. Nilimwambia pia kwamba sheria ya kazi ya Kenya ya 2007 inampa mtu aliyepunguzwa malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliomaliza, aende ofisi ya kazi akadai. Akasema ataonekana mtu wa kesi. Sawa. Lakini aliyeyaonja yale hakupaswa kunifanyia mimi haya.

Miezi minne ilipita. Tulikula, tulivaa. Mke wangu aliongeza zamu za usiku. Yatosha.

Sasa sikia habari nzuri. Nimepata kazi, na nimeipata kwa mkono wa Baba. Kuna karakana hapa inayotengeneza milango na madirisha ya nyumba za kale, maana huku nyumba ya kale haibomolewi ovyo, ina sheria zake kama mji wetu tangu ulipoandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia 2001. Nilikwenda mara tatu. Mara ya tatu nikachukua patasi tatu za Baba, zile za mpini wa mkwaju, na picha ya mlango wetu. Bwana mwenye karakana aliitazama ile picha muda mrefu, akauliza nani amechonga. Nikamwambia, babangu. Akanipa dirisha lililooza mguu, mbao ya mwaloni, ngumu kama mbambakofi, akasema nionyeshe. Nilikata pale palipooza tu, nikaunga kipande kipya kikifuata nyuzi za kile cha zamani, kama Baba alivyonifunza kwenye vibao vya mivule pale Langoni huku akinipiga vidole kwa penseli. Aliupitisha ukucha kwenye kiungo. Ukapita bila kukwama.

Ilibidi nipate kadi ya mafundi wa ujenzi, ndipo pesa nyingine zilipokwenda. Mtihani wa usalama una maswali 50 kwa dakika 45. Nilipata 48. Mwanafunzi mwenzangu ana miaka 19, mimi 44. Sasa kuna nakshi ya ngazi ya nyumba ya zaidi ya miaka 200 ambayo mimi peke yangu ndiye ninayeachiwa kuigusa.

Jioni nikikung'uta vumbi la mbao nguoni nasikia harufu ya karakana ya Baba. Nikifumba macho naona punda wamebeba matumbawe, nasikia adhana ya magharibi ikiitikiwa msikiti kwa msikiti. Nikifumbua ni saa kumi tu na kushaingia giza. Ningekuwa na mkate wa mofa mmoja wa moto, Mama, mmoja tu.

Nakuja kwenye lililonifanya niandike leo. Omari ameniandikia kwamba nisipotuma pesa atauuza mlango wa mbele, kuna mnunuzi Shela. Mwambie mlango ule ni urithi wa watoto wote sita, na Fatma ana fungu lake humo hata kama hasemi. Mwambie pia ule mlango ndio ulionipatia kazi, na injini haitaning'inizwa pale ulipo. Pesa za injini nitampa, kwa mafungu, kuanzia mwezi ujao, mbele ya Ami, naye aseme kwa kinywa chake pale pale Mkunguni kwamba sikufukuzwa. Sitaki anitake radhi. Nataka aseme hilo tu.

Twalibu anipimie mfaa wa mlango, ule mti wa katikati, kuanzia chini mpaka mchwa walipofika, na upana wake, aniandikie kwa sentimita. Apige picha mchana, jua likiwa upande wa bahari. Na kasha la Baba lisifunguliwe. Ufunguo ukae kwako, chini ya mto.

Mwanao,
Athmani